Maombi ya Bi Pimbi

Hapo zamani, zamani zile kiboko alipokuwa bado anafunga tai shingoni, wanyama wa Bonde la Kikwaju walikuwa na nyumba, shule na mikutano. Mikutano, wanangu! Walikutana mpaka viti vikachoka.

Bi Pimbi alikaa kwenye miamba na binti yake, Kidawa. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Wakati wa kiangazi unavuka kwa kurukia mawe, tap, tap, tap. Lakini masika! Masika mto hushuka vuuuu, wala hauulizi huyu mtoto wa nani. Masika moja ulimbeba Kidawa. Bahati tu, mkoba wake ulinasa kwenye mzizi. Tangu siku hiyo, Bi Pimbi akisikia ngurumo, moyo unamruka paa!

Alichotaka ni daraja, basi. Na magogo yalikuwepo, yamelala tu uani kwa Klabu ya Wema. Hiyo ilikuwa klabu ya wakubwa: Mwenyekiti Kiboko, Mzee Tembo, Bwana Nyati, na katibu wao, Ngiri. Kila mwaka walitoa msaada mmoja wa magogo kwa wanyama wa bonde. Unaomba, unakubaliwa, unapewa.

Unaomba! Hapo ndipo penye shughuli.

Mwaka wa kwanza Bi Pimbi alipeleka fomu yake, Katibu Ngiri akaishika kwa ncha ya ukwato. "Mm-mm. Wino wa bluu. Tunataka mweusi."

Mwaka wa pili, "Nakala mbili? Tunataka tatu."

Mwaka wa tatu, "Mhuri umelala upande. Rudi mwakani."

Na mnajua magogo yalikwenda wapi? Kwa shemeji yake Ngiri! Kwanza alijengewa banda la kulala mchana. Kisha banda la kulala jioni. Kisha uzio, asije mtu akamwamsha. Wewe huko nyuma unacheka nini? Kidawa hakucheka.

Mwaka wa nne, Jumamosi asubuhi, mawingu meusi yametanda, Bi Pimbi akafika tena mlangoni pa klabu.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

"Marahaba. Umeleta nini tena?"

"Fomu ya daraja. Wino mweusi, nakala tatu, na mhuri umesimama wima."

Ngiri akaigeuza. Akaigeuza tena. Akainusa. Kosa halikuonekana. Akakuna shingo, kisha akatabasamu.

"Hii fomu ni ya njano. Mwaka huu tunatumia za kijani."

"Basi nipe ya kijani."

"Zimekwisha."

"Jamani, Bwana Katibu! Mvua hiyo inakuja! Mwanangu atavukaje?"

"Mama Kidawa, usinilaumu mimi. Soma tangazo." Akafunga mlango, pwaa!

Bi Pimbi akabaki pale na fomu yake, machozi yanamlengalenga. Akalisoma tangazo. Lilisema hivi: LEO ASUBUHI KLABU INAPOKEA MAOMBI. KATIBU.

Akalisoma mara ya pili. Machozi yakakauka.

"Maombi," akasema polepole. "Kumbe hawakuandika fomu. Wameandika maombi!"

Dirishani ikasikika sauti nzito ya Kiboko. "Tuanze, jamani. Nani anatufungulia kwa maombi? Kobe yuko wapi?"

"Bado yuko njiani," akajibu Nyati.

"Kobe huyu! Kila kikao tunamngoja aje atuombee, naye yuko njiani!"

Sasa sikilizeni vizuri, maana klabu ile ilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kikao hakifunguliwi bila maombi. Ya pili, jambo likiitikiwa na wote kwa sauti moja, na mwenyekiti akagonga meza, gbu! limepita. Halirudi tena.

Bi Pimbi akaruka, pyu! Dirishani. Pyu! Juu ya meza.

"Hodi! Shikamooni, wazee wangu. Nimekuja na maombi."

"Marahaba! Umetuokoa," akasema Kiboko. "Omba upesi, mama, uji unapoa. Wajumbe, tufumbe macho."

Ngiri alikuwa pembeni ameinama, anamjazia shemeji yake fomu ya kijani. Alipoinua kichwa, wenzake wote walikuwa wamekwisha fumba macho.

"Ee Mola, wabariki wazee hawa," akaanza Bi Pimbi.

"Amina."

"Uji wao usipungue."

"Amina kabisa!" akasema Kiboko.

"Asante kwa kuwatia huruma, mpaka magogo ya mwaka huu wakayatoa yajenge daraja la watoto wa shule."

"Amina."

"Kho! Kho!" Ngiri akakohoa. "Mwenyekiti, huyu..."

"Shhh!" akasema Tembo, macho ameyafumba. "Tuko kwenye maombi."

"Lakini Mzee, hiyo siyo..."

"Katibu! Huna adabu hata kidogo?"

Ngiri akaufyata mkia.

"Daraja lianze leo hii, Mola, kabla ya mvua. Na Mzee Tembo ayabebe magogo kwa nguvu ulizompa."

"Amina," akasema Tembo, moyo umemlainika.

"Na asiyetaka watoto wavuke salama, Mola, sasa hivi anyamaze tumjue."

Nani atanyamaza hapo? Hata Ngiri, jasho linamtiririka, alipaza sauti kuliko wote. "AMINA!"

Kiboko akagonga meza kama alivyozoea, gbu! Uji ukaruka.

Wakafumbua macho.

"Ahsanteni sana, wazee," akasema Bi Pimbi. "Bwana Katibu, andika. Limepita."

"Limepita nini?" Ngiri akafoka. "Ile ilikuwa sala!"

"Yalikuwa maombi. Tangazo lako linasema mnapokea maombi. Nimeleta, mmepokea, mmeitikia wote, na meza imegongwa."

Kiboko akautazama mkono wake. "Mimi nimegonga?"

"Umegonga," akasema Nyati, anajipangusa uji usoni. "Na Katibu ndiye aliyeitikia kwa nguvu kutushinda sote."

Kiboko akanuna. Akavuta tai yake. Akatazama desturi za klabu zilizoandikwa ukutani, akazitazama tena, wala hazikubadilika.

"Limepita," akanguruma. "Tembo, nenda kabebe."

Tembo akabeba. Gogo la kwanza, gbu! La pili, gbu! Radi zinapiga, Bi Pimbi anakimbia huku na huku, "Hapo, Mzee, sogeza kidogo, hapohapo!" Gogo la mwisho lilikaa mahali pake, tone la kwanza likaanguka.

Jumatatu mto ulikuwa umefura, unanguruma vuuuu. Kidawa akapita juu yake, tok, tok, tok, mkoba mgongoni, hata miguu haikulowa. Bi Pimbi aliposikia kengele ya shule, na mwanawe yuko ng'ambo, akakaa chini kwenye tope, akacheka huku analia.

"Mama!" Kidawa akaita kutoka ng'ambo. "Mbona unalia?"

"Silii, mwanangu," akajibu Bi Pimbi. "Napumua."

Naye Ngiri akaandika tangazo jipya: FOMU TU. MAOMBI HAPANA. Maskini Kobe, alipofika mwishowe, akazuiwa mlangoni na maombi yake.

Basi, wanangu, anayekuzuia kwa maneno yake msikilize vizuri, pengine njia ya kupita ameitaja mwenyewe.