Kuvu Aliyeshushwa Mlimani

Sogeeni, wajukuu zangu. Masikio yapo?

Yapo!

Basi yafungueni, ya kale yapite.

Zamani, zamani sana, milima hii ya Upare ikiwa bado imevaa msitu mpaka magotini, alikuwako mtu akiitwa Senzota. Watu wake waliishi juu, kwenye baridi na mawingu. Kila nyumba ilizungukwa na miti mirefu, na ndani ya kila mti aliishi kuvu. Ukipasua tawi unamwona, uzi mweupe, mwembamba kama unywele wangu huu. Alilala tu. Hakuudhuru mti, nao mti haukumjali.

Ardhi ikawa finyu. Senzota akasema, "Tushuke bondeni. Tubebe na miche ya miti yetu."

Mama mkwe wake, Nakijwa, mkunga mzee, akamwonya. "Mkwe wangu, mti hauhami peke yake. Huyu wa ndani amelazwa na baridi. Huko chini nani atamlaza?"

"Mama, kuvu ni kuvu tu."

Wakashuka. Wakapanda. Miti ikakua, ikakua, ikakua hata ikafunika mapaa. Watu wakafurahia kivuli.

Mwaka wa kumi na mbili likaja joto la ajabu. Mvua, jua; mvua, jua; bonde likawa kama chungu kilichofunikwa. Nakijwa akaanza kunusa harufu tamutamu, ya kitu kinachooza mahali msipopaona. Akaugonga mti kwa ngumi. Ndu! Kama ngoma, mtupu ndani. Akaugonga wa pili. Ndu! Wote, wanangu, wote, ndu! Na majani huko juu mabichi, yanameta!

"Tokeni!" akapiga kelele. "Tokeni majumbani!"

Senzota akasimama mlangoni. "Mama, hata upepo hakuna."

Kweli haukuwepo. Jani halikutikisika. Ndipo mti wa jirani ukalala. Ulishuka polepole, kama mtu aliyezirai, ukalifunika zizi, na ng'ombe hawakuwahi hata kulia. Kwenye kisiki ukafuka unga mweupe wa yule kuvu.

Naetwe, mke wa Senzota, akamnyakua mtoto, akakimbia. Watu wote wakakimbia. Senzota naye alikwisha fika mbali, akasimama ghafla, akalia:

"Baba!"

Baba yake alikuwa kipofu, yumo ndani. Senzota akarudi. Akatokea mlangoni amembeba mzee mgongoni, na mti wa juu ya paa ukaanza kuinama. Akamrusha mzee mbele kwa nguvu zake zote, na mti ukamlalia yeye pale mlangoni.

Mzee akaanguka mchangani, mzima. Akapapasa huku na huku.

"Senzota? Mwanangu? Mbona mmenyamaza?"

Nakijwa akaenda, akamshika mkono.

Ndiyo maana nawaambia: usihamishe kilicho hai kabla ya kumsikiliza anayekijua. Kinachotulia kwenye baridi hujui joto litakifanya nini.

Yangu nimeyatua. Aliyesikia ayabebe, aliyesinzia amwulize mwenzake.