Kilemba cha Jumbe Mwinyihatibu

"Maiti haulizwi sanda." Mnacheka? Nimemwekea mgeni sahani bila kumuuliza kama atakula, nanyi mnaona nimemwita maiti! Haya, kaeni niwaambie methali hii ilianzaje.

Palikuwa na Jumbe Mwinyihatibu, mtu wa amri. Akipiga chafya, mji mzima humwombea heri. Mara wakaja wakubwa wapya, cheo cha ujumbe wakampa mwingine, na wale waliokuwa wakimwombea wakawa wanapita njia ya pili. Akabaki na chumba kimoja na kilemba chake cheupe, kirefu na kipana, alichokikunja vizuri akakiweka sandukuni.

Njaa ikamwingia. Majirani hawakuwa wabaya, walimuuliza.

"Jumbe, umekula?"

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Karibu chakula, Jumbe."

"Starehe, msijisumbue."

Lo! Mtu aliyezoea kuamrisha, hata kukubali kunamshinda. Siku ya nne hakuweza kuinuka mkekani, akajua anakufa.

Ndipo akaingia Bi Mwatime, mjane, mshona sanda wa mji. Hakuuliza neno. Alitua bakuli la uji, akamwinua kichwa, akamtia kijiko mdomoni.

"Mbona huniulizi kama nina njaa?" Jumbe akanong'ona.

"Nikuulize ili unidanganye? Miaka thelathini nashona, na maiti haulizwi sanda. Meza!"

Jumbe akameza huku analia, wala hakuona haya. Tangu siku hiyo akawa anakula kwa Bi Mwatime na kumchotea maji, yeye aliyekuwa akichotewa. Kila jioni alimwambia, "Ahsante, dada yangu."

"Ahsante ya nini, na mchuzi wenyewe hauna chumvi?"

Miaka ikapita, Bi Mwatime akafariki. Watu wakafungua kikapu chake cha kushonea, hamna hata kipande cha sanda. Kitambaa cha mwisho alikuwa amemshonea fakiri mmoja. Wakaanza kuulizana nani atatoa nini. Jumbe hakumngoja mtu. Alikwenda sandukuni, akatoa kilemba, akakikunjua, akakaa chini na sindano.

"Jumbe, hicho ndicho pekee kilichokubakia," jirani akamwambia. "Umefikiri?"

"Kwani yeye aliniuliza?" Jumbe akajibu, na machozi yakidondokea kitambaa. Akaendelea kushona.

Basi, wajukuu zangu, mpelekeeni mgeni maji anawe, na msimuulize kitu. Maiti haulizwi sanda.