Nyati Aliyepanda Upepo

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, wanyama walikuwa na nyumba, majembe, na majirani wenye maneno mengi. Huko ndiko alikoishi Nyati, bwana mwenye shamba kubwa, pembe kubwa, na mdomo mkubwa kuliko vyote viwili.

Shamba lile alilirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akipanda mtama na kunde. Nyati alipolishika tu, akasema, "Mtama? Chakula cha ndege na maskini! Kwangu mimi ugali ni mweupe." Mbegu za baba yake akazitupa nje, akapanda mahindi matupu. Kila kiangazi aliyachoma mabua, moto waaa! Ardhi ikabaki nyeusi na ngumu, jembe likiigonga linarudi.

Sasa sikilizeni, wanangu. Mvua za zamani zilikuwa na adabu. Zilikuja kwa wakati wake, zikakaa, zikaaga. Lakini miaka ile zikaharibika tabia. Zilichelewa, zikija zilikuja kwa fujo, kisha zikaondoka bila kwaheri, mahindi ndiyo kwanza yanataka kubeba. Msimu wa kwanza yakakauka. Msimu wa pili yakakauka tena. Nyumbani kwa Nyati kikabaki kibuyu kimoja cha mahindi ya mbegu, kimening'inia juu ya jiko.

Mkewe akamwambia, "Baba Ndama, hicho kisiguswe. Hata tukilia njaa."

"Nani atakigusa nami nipo?" akasema Nyati, akajipiga kifua, pu!

Mnajua aliyekigusa? Yeye mwenyewe. Mama Ndama alikwenda na watoto kuchimba mizizi kando ya mto, Nyati akabaki na tumbo lake likinguruma, ngurrr! Akasema ale konzi moja tu. Konzi moja ikaita nyingine. Alipokuja kuinua kichwa, kibuyu kilikuwa kitupu. Akatia kokoto ndani, akakirudisha mahali pake. Aibu ilimshika palepale, akashindwa hata kunywa maji.

Na wiki hiyohiyo mvua ikanyesha.

Kijiji kizima kikatoka na majembe. Nyati angesema nini? Jirani yake Ngiri alipoishiwa mbegu msimu uliopita, ni Nyati huyuhuyu aliyemcheka mbele ya watu. Basi naye akatoka, jembe begani, kibuyu kiunoni, kokoto zikilia chakacha, chakacha. Akaanza kazi. Jembe chini, pu! Mkono kibuyuni, mkono shimoni, mguu ukafukia, chwaa! Pu! Chwaa! Alipanda upepo mstari kwa mstari, shamba lote, jasho likimtoka kweli.

Juu ya mgunga uliokuwa pembeni mwa shamba alikaa Kindi, mdogo, mwepesi, mkia juu. Kindi ana macho yule!

"Mjomba Nyati, pole na kazi!"

"Nimeshapoa."

"Unapanda nini, mjomba?"

"Mahindi! Kwani kuna siku umeniona nikipanda kingine?"

"Mbona sijaona punje hata moja?"

"Ni za kisasa hizi, ndogo sana! Nenda zako, mtoto we!"

Kindi akacheka kidogo, kikiki! Lakini hakumwambia mtu. Alingoja mpaka majirani walipokuja kupumzika chini ya ule mgunga, akateremka, akasimama mbele yao wote.

"Mjomba, mimi mdogo wenu sina shamba. Naomba kitu kimoja. Chochote kitakachoota humu kisichokuwa mahindi, kiwe changu. Hata magugu. Mkipalilia, magugu yangu myaache palepale kati ya mistari, nitayafuata mwenyewe. Na mabua msiyachome."

Majirani wakaangua kicheko. Nyati akacheka kuwazidi, kwa sababu alijua hakuna kitakachoota humo. Akaona, afadhali apate sifa ya ukarimu kabla ya kupata fedheha.

"Chukua, binti! Majirani mmesikia? Kisichokuwa mahindi ni cha Kindi!"

"Tumesikia!"

Ninyi mnaonisikiliza mmeshamjua Kindi. Siku Nyati alipozitupa mbegu za marehemu baba yake, Kindi ndiye aliyeziokota, akazitunza, kila mwaka akazipanda kidogo chini ya mgunga. Nyati alipogeuza mgongo tu, yeye akapita shimo kwa shimo, mashavu yamejaa, tiki tiki tiki! Hapa mtama, hapa kunde. Mashimo alikwisha kuchimbiwa.

Siku chache baadaye Nyati akaenda shambani. Njiani alikuwa akitunga uongo: atasema mbegu zilikuwa mbovu. Alipofika, akafikicha macho. Shamba lilikuwa kijani!

"Lo! Lo! Nimepanda nini mimi?"

Akapiga magoti, akagusa jani. Kweli, jani. Na mtama ukiwa mchanga, mtu huweza kuudhania mahindi. Nyati akatamani kumwuliza mtu, lakini angeanzaje? Kumwuliza mtu ni kumwambia kwamba hakupanda.

Mama Ndama alipouona, akapiga vigelegele. "Mume wangu, shamba limeitika! Watoto watakula!" Akamshika mkono mbele za watu. Nyati akatazama chini, masikio yameanguka. Furaha ya mkewe ilimuuma kuliko njaa.

Siku ya palizi ikafika. Kijijini kwao watu walisaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ngiri peke yake alisema, "Kwangu msije. Hakuna cha kupalilia. Yule mwizi Kindi amefukua mbegu zangu zote!" Watu wakamwamini. Kwa Nyati wakapalilia, kunde walizoziona wakamwachia Kindi, na magugu wakayalaza kati ya mistari kama walivyoombwa. Kindi hakuja kuyafuata. Yakakaa palepale, yakaifunika ardhi.

Mvua, kama desturi yake mpya, ikakatika mapema. Jua likawaka. Mahindi ya majirani yakajikunja, yakawa manjano, yakafa. Kwa Nyati, ukifunua magugu kwa mkono, chini mbichi! Kunde zikatambaa, mashina yakarefuka, na kileleni yakatoka masuke mekundu. Mtama!

Majirani wakaja mbio. "Kumbe Nyati alijua! Alitudanganya ni mahindi, kumbe ana akili yake! Bwana Nyati, tufundishe!"

"Ni... ni mambo ya ndani hayo," akasema Nyati, akakohoa, kho! kho! Wakamsifu zaidi. Kila sifa ilimwingia mwilini kama mwiba, na hakujua auchomoe vipi.

Ikafika siku ya mavuno. Kijiji kizima kilikusanyika na visu na vikapu, watoto mbele, midomo wazi. Kindi naye akaja na kikapu chake kidogo.

"Hodi! Nimefuata vyangu."

"Vyako vipi?" akafoka Ngiri.

"Kisichokuwa mahindi. Mlikuwapo mkasikia."

Wakalipuka. "Hee! Mzee wa watu atoke jasho, wewe ule?" "Mwizi huyu!" Ngiri akapiga kelele kuliko wote: "Alifukua za kwangu, sasa anataka za mwenzangu! Mpigeni!"

Wakamzunguka. Kindi alikuwa mdogo katikati ya kwato zile, na safari hii hakucheka. Akasema tu, "Mjomba Nyati aseme mwenyewe alichopanda."

Macho yote yakamgeukia Nyati. Angenyamaza tu, wanangu! Angenyamaza, Kindi angekwenda na maji, na mtama ungekuwa wake, na sifa zingekuwa zake. Watoto wake walikuwa wamekwisha kushika masuke mikononi. Nyati akawatazama, akamtazama Kindi.

"Nilipanda upepo," akasema.

"Ulipanda nini?"

"Upepo! Mbegu nilizila. Nilizila mimi, peke yangu, watoto wangu wakichimba mizizi. Nikaja hapa nikawaigizia kupanda. Huu mtama siujui ulikotoka."

"Ni wa baba yako," akasema Kindi taratibu. "Uliutupa, nikauokota."

Nyati akamgeukia mkewe, lakini macho hayakuinuka.

"Nilijua," akasema Mama Ndama. "Siku ya kupanda nilikitikisa kile kibuyu. Mbegu hazilii kama kokoto."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu kwa niaba yako. Shamba lilipoota, nikadhani ulipata mbegu kwingine."

Nyati akalia. Jitu lile zima likalia mbele ya watoto, kwi kwi kwi. Nyuma ya watu mkia wa Ngiri, ambao siku zote husimama wima, ukalala chini taratibu.

"Kindi hakufukua kitu kwangu," akasema Ngiri, sauti haitoki vizuri. "Na mimi nilizila. Nikamsingizia. Niliogopa nitachekwa tena."

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama kwato zao, kila mmoja kwa sababu zake.

Kindi akajaza mashavu, akajaza kikapu, akachagua masuke mazuri kuliko yote. "Ghala langu ni tundu la mti, limeshajaa," akasema. "Haya mengine ni yangu pia, na nataka yakae kwenye nyumba zenu. Kuleni. Lakini kila nyumba itunze kibuyu cha mbegu, na atakayezidiwa na njaa akala mbegu, aseme mapema, tumgawie. Mficha uchi hazai. Na moto shambani mwangu sitaki kuuona!"

"Shamba lako?" akauliza mmoja.

"Muulizeni mjomba."

Nyati akajifuta uso. Mzee yule mwenye pembe, aliyezoea kuamkiwa na kijiji kizima, akainama mpaka pua ikagusa vumbi, mbele ya kinyama kisichofika hata kwenye goti lake.

"Shikamoo, Kindi," akasema.

Hapo ndipo Kindi, mjanja wa kijiji, alipoona haya. Akajifunika uso kwa mkia, na ile marahaba ikamtoka ndogo, haikusikika ila na Nyati.

Nami niliyoyasikia ndiyo hayo, na funzo lake ni hili: mvua ikibadili mwendo, nawe badili kilimo, na ukikosea sema, maana aibu iliyofukiwa haioti kitu.