Kome Aliyemwachia Mama

Ilikuwa mwezi kumi na tano Shaabani, saa kumi alasiri, maji makuu ya bamvua yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Kabla ya saa hiyo kome wote walikuwa ukoo mmoja. Walikaa mlangoni mwa mto, ambapo maji yakijaa huwa ya chumvi na yakipwa huwa matamu, na kila mmoja alikuwa na nyuzi zake za kujishikiza.

Mchana wa siku hiyo mama yao alifariki. Kwao maiti hakuoshwa kwa maji ya chumvi. Ilibidi wasubiri maji ya mto, na hadi yafike, mtoto wa kwanza, Kome Mkubwa, alimfunga marehemu kwa nyuzi zake, akafumba kinywa chake mwenyewe, maana kome akifungua kinywa nyuzi hulegea. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kushika.

Kaa, mwosha maiti, akaja akakaa kando. Mdogo wake Mkubwa, Kome Mdogo, alilia kimya. Lakini maji yanayojaa huja na chakula, na Kome Mkubwa alikisikia kikimpitia mdomoni.

"Nafungua kidogo tu," alisema.

"Kaka, mama hajaoshwa!"

"Kwani nikila ataamka anigombeze?"

Kaa akamtazama. "Mtu mzima wewe, na tumbo ndilo linakutuma!"

Mkubwa akafungua. Akala, akanogewa, nyuzi zikalegea. Maji yalipogeuka yakamchukua mama, yakaenda naye bahari kuu. Maji matamu yakafika, na Kaa hakuwa na wa kumwosha.

Msiniambie alikuwa na njaa. Wote walikuwa na njaa. Nimekaa misibani na watu wa namna hii, wanaouliza kama pilau limeiva na kaburi bado linachimbwa, na hasira yangu juu yao haijaisha.

"Mdogo wangu, nisamehe," alisema Mkubwa.

"Kula! Mama yumo ndani ya maji hayo. Kula ushibe!"

Kome Mdogo akazikata nyuzi zake mwenyewe, asifanane na yule hata kwa uzi mmoja. Akajikokota kuupanda mto, hakugeuka nyuma. Mkubwa akashuka baharini kumtafuta mama. Hakumwona.

Na tangu siku hiyo kome wa mtoni hujizika kwenye tope la maji matamu, hana nyuzi, na watoto wake wachanga hudandia samaki wawapeleke juu, mbali na bahari. Kome wa baharini amejifunga mwambani, na ukimng'oa hung'ang'ania. Sasa ndiyo anashika. Anashika jiwe, ambalo halikuwa linakwenda popote.

Ee Mola, mrehemu mama yule aliyekwenda bila kuoshwa. Na mrehemu dada yangu Mwanasiti, tuliyemlaza leo. Yeye tulimwosha, tukamshika mpaka mwisho. Mpokee Wewe, usimwachie. Amina.