Matambara Yametoka Yote?

Wapendwa, leo tutoke kidogo hapa kanisani twende gereji. Msicheke. Wapo humu wanaoijua njia ya gereji kuliko wanavyoijua njia ya kuja ibadani.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magari katika mji wa upepo, wenye vumbi lile la kiangazi linaloingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Gereji yake haikuwa na paa wala ukuta, ni uwanja tu kando ya barabara. Ukifungua injini mahali kama hapo, kila tundu utakaloliacha wazi litakula mchanga. Kwa hiyo fundi alikuwa akichana ovaroli kuukuu na kuziba kila tundu kwa tambara. Ilikuwa busara, wala hakuna wa kumlaumu.

Zamani alifanya kazi na mwenzake, mdogo kwake kwa umri, na walikuwa na sheria yao. Anayefunga injini haifungi mpaka mwenzake amuulize, "Matambara yametoka yote?" Hata kama ana uhakika, lazima aulizwe. Anachungulia tena, anajibu, ndipo anakaza nati.

Sasa ikatokea fundi akafunga vibaya breki za gari la mteja. Mwenzake akaliona kosa, na badala ya kumvuta pembeni, akapaza sauti mbele ya watu: "Jamani, kaka yangu huyu anataka kuua watu leo!" Wateja wakaangua kicheko. Kosa lilikuwepo kweli, sikatai. Lakini kuna ukweli ukisemwa hivyo unachoma kuliko uongo. Fundi aliumia sana. Akamwambia mwenzake, "Chukua spana zako." Yule akahamia ng'ambo ya barabara, akafungua gereji yake. Fundi akaapa kwamba hakuna binadamu atakayeikagua kazi yake tena.

Miaka ikapita. Akaja mama mmoja mchuuzi wa maziwa, na pikapu yake ya zamani inayotoa moshi kama tanuri la matofali. Kila gereji ilimshauri aiuze vyuma chakavu. Fundi wetu akasema, "Dada, niachie mimi." Akaishusha injini, akabadilisha ringi, beringi na gasketi, akairudisha mahali pake akiwa peke yake. Kazi safi. Mama akaja asubuhi kuchukua gari, na madumu yake ya maziwa matupu.

Fundi akapiga starta. Injini ikazunguka vizuri, ila haikuwaka. Akapiga tena. Wapi!

"Hayo ni mafuta, dada," akasema. "Umeuziwa yaliyochakachuliwa." Akayamwaga, akatia mengine. Haikuwaka. Akachomoa plagi, akatazama cheche: ipo, tena ya buluu. Betri nzima. Taimingi akaikagua, iko sawa. Akalaumu duka la spea, akamlaumu fundi umeme aliyewahi kugusa nyaya za gari lile enzi hizo, mwisho akaanza kulitazama gari lenyewe kama lina mkosi. Niwaulize nyinyi: katika wote aliowalaumu, mmemsikia akijitaja mwenyewe?

Jua likapanda. Mama wa maziwa akasimama.

"Fundi, wafugaji wananingoja barabarani. Nisipofika leo, maziwa watampa mchuuzi mwingine, na hao wakishahama hawarudi. Mimi sina ugomvi na wewe. Naomba kamba tu."

"Kamba ya nini?"

"Nilivute hilo gari hapo ng'ambo."

Wapendwa, hebu mfikirieni fundi. Ng'ambo! Afadhali angesema atalitupa mtoni. Mji mzima ungemwona akivutwa, kazi ya mikono yake imefungwa kamba, inavushwa kwenda kwa yule yule aliyemuumbua. Jina lake lingeisha siku hiyo. Lakini atamzuiaje mama wa watu? Akabaki ameshika boneti, anamtazama akivuka barabara kuitafuta kamba huko huko.

Mama akarudi na yule mwenzake. Mikono ya yule mdogo ilikuwa mitupu, hana kamba wala spana. Fundi akakunja uso, akajiandaa kwa matusi, maana wateja wengine walishaanza kusogea kuangalia. Yule mdogo akampita mama, akawapita watazamaji, akamsogelea kaka yake mpaka karibu kabisa. Akamwinamia sikioni, akanong'ona, kiasi kwamba hata mama hakusikia:

"Kaka, matambara yametoka yote?"

Fundi akafungua mdomo amwambie, "Unanifundisha kazi?" Akaufunga. Akachukua spana, akafungua kabureta, akaingiza vidole kwenye tundu la chini yake, pale injini inapovutia hewa. Akavuta. Likatoka tambara, kipande cha ovaroli yake mwenyewe, akalikunja kiganjani kabla watu hawajaliona.

Akarudisha kabureta, akapiga starta. Pikapu ikakohoa, ikaunguruma. Mama wa maziwa akapiga kigelegele, akaondoka akikimbilia wafugaji wake, wala hakujua tatizo lilikuwa nini mpaka leo.

Wale wawili wakabaki wamesimama. Yule mdogo akasema, "Siku ile nilitakiwa kukuambia hivi, kwa sauti hii. Nisamehe, kaka." Fundi akajifuta mikono kwa lile tambara, akajifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Kesho nafunga injini ya lori. Uje uniulize."

Sasa nisikilizeni. Ile injini nani aliinyima hewa? Adui? Mchawi? Ni mkono ule ule ulioitengeneza. Na kuziba hakukuwa kosa! Wakati injini iko wazi, usipoziba inakufa. Kosa ni kufunga na tambara likiwa ndani.

Sisi nasi tuliumizwa. Kuna aliyesemwa vibaya msibani, kuna aliyeumbuliwa na ndugu yake kwenye kikao cha harusi. Tukaziba. Sikulaumu, mama yangu, kidonda kilikuwa wazi na vumbi lilikuwa jingi. Lakini kidonda kilishapona, na tambara bado liko ndani. Kila Jumapili tunakuja hapa kupiga starta. Sauti za kwaya zipo, sadaka ipo, maombi ya machozi yapo. Tunazunguka, hatuwaki. Tukitoka hapo nje tunamlaumu mchungaji, na mimi nawaona.

Na wewe uliyemuumiza mwenzako kwa kusema kweli kwa kelele, usiende kwake na kamba. Nenda mikono mitupu. Sogea karibu. Nong'ona.

Tutasimama tuombe. Ila leo msifumbe macho kwanza. Mtazame yule ambaye huwa unachagua benchi la mbali naye. Yupo, amekuja, anakutazama. Mruhusu akuulize.