Fisi Aliyefungiwa Leseni na Mfuniko wa Mama Pimbi

Hadithi iko jikoni!
— Ipakue!
Ina moto!
— Tutapuliza!

Basi sogeeni. Atakayesinzia asije akasema kesho kwamba hakusimuliwa.

Mama Pimbi alikuwa jikoni kwake juu ya majabali, mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, anaonja maharage. Mara puruu! Chiriku akatua dirishani.

"Mama Pimbi! Wanao wote sita wamepanda gari la Fisi!"

"Gari gani? Si amefungiwa leseni yule?"

"Kilichofungiwa ni leseni, gari analo. Amewakuta wanatoka shule, akawaambia, 'Pandeni wajukuu zangu, lifti ya bure.' Sasa nyumba yenu ameshaipita. Anaelekea Bonde la Mifupa."

Habari ya leseni ile ilijulikana na kila mtu. Fisi alimgonga mbuzi barabarani, akashuka, akala ushahidi. Hakimu Bibi Nyati akamfungia leseni miezi sita, akamwambia, "Nikisikia umeshika usukani kabla ya siku zako kwisha, utajua kwamba leo nilikuhurumia."

Mama Pimbi hakulia. Kulia kunataka nafasi. Aliwaza: mimi mdogo, Fisi mkubwa, nikisimama mbele ya gari atanipitia. Lakini anayeendesha bila leseni huogopa hata kichaka.

Madereva wa huko walikuwa na desturi yao. Ukijua mbele kuna trafiki, unamwashia taa mwenzako mara mbili. Mwenye leseni hupunguza mwendo, akapita. Asiye nayo hutafuta njia nyingine.

Mama Pimbi akatoka mbio, mfuniko mkononi.

Barabara ya mlima ule inazunguka kama utumbo. Gari likazunguka: vuuu, vuuu, vuuu. Mama Pimbi akakata majabali: chapu, chapu, chapu. Kwenye njia panda ya kwanza akajibanza kichakani upande wa kulia, akaelekeza mfuniko juani. Mwe! Mwe!

Kwiiich! Fisi akakanyaga breki. "Trafiki yuko mbele!" Akaiacha njia ya kulia iendayo Bonde la Mifupa, akakata kushoto.

"Babu Fisi," akauliza Mashavu, mtoto mkubwa, "mbona huku si kwetu?"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Dereva hasemeshwi." Akalamba midomo.

Gari likazunguka: vuuu, vuuu, vuuu. Mama Pimbi akakata majabali: chapu, chapu, chapu. Kwenye njia panda ya pili akavunja matawi, akayatandaza barabarani upande wa kulia, kama watu wanavyofanya gari likiharibika mbele.

Fisi akasimama. Akashuka. Akanusa majani. Akasogea hatua moja kuelekea jiwe lililokuwa kando. Akasogea ya pili. Nyuma ya jiwe lile Mama Pimbi alikuwa amebana pumzi, mfuniko kifuani.

Kule garini Kidawa, kitindamimba, akaliona sikio analolijua. Akafungua mdomo. "Ma..."

Mashavu akamziba kwa kiganja.

Fisi akageuka. "Nani kasema 'ma'?"

"Anataka maji, babu."

"Mtakunywa tukifika. Na mimi nitakula." Akayatazama tena majani. "Gari bovu lina mwenyewe, na mwenyewe ameshaita askari. Mimi hapa sipiti." Akapanda, akakata kushoto.

Ikabaki njia panda moja tu ya kwenda Bonde la Mifupa. Gari likazunguka: vuuu, vuuu, vuuu. Mama Pimbi akakata majabali: chapu, chapu, chapu. Akafika, akainua mfuniko.

Jua likaingia mawinguni.

Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Hakuna hata cheche. Gari hilo linakuja. Fisi akawasha indiketa ya kulia: tiki, taka, tiki, taka.

Mama Pimbi akavuta pumzi, akapiga lile yowe la pimbi, jembamba, kali, kama filimbi. Piiiiiii!

Kule garini watoto wote sita wakalala kifudifudi palepale. Mtoto wa pimbi akisikia sauti ile hulala, maswali baadaye. Lakini Fisi alisikia filimbi ya trafiki, tena sikioni.

"Yuko kulia! Yuko kulia!" Akapindua usukani kushoto, akateremka mjini gia ya nne. Akaona lango limefunguliwa nusu, na ndani magari mengi yamepangwa. "Hapa hapa! Gari kati ya magari, nani ataliona?" Kwaruu! Akang'oa nguzo ya lango, akaegesha katikati, akazima injini, akajikunyata chini ya usukani.

Kumbe ile ilikuwa yadi ya kituo cha polisi, wanakoweka magari waliyoyakamata. Trafiki Yangeyange, na sare yake nyeupe pee, alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Karibu, Bwana Fisi. Mengine huwa tunayavuta. Wewe umelileta mwenyewe."

Akapelekwa mbele ya Hakimu Nyati jioni ileile.

"Leseni yako iko wapi?"

"Iko kwako, mheshimiwa."

"Na gari lilikuwa linaendeshwa na nani?"

"Mheshimiwa, nilidanganywa! Niliwashiwa taa! Nikawekewa majani! Nikapigiwa filimbi!"

"Mwenye leseni akiwashiwa taa hupita. Wewe kwa nini ulikata kona?"

Fisi akatazama kwato za hakimu. 

"Basi," akasema Bibi Nyati. "Ile miezi sita naifuta, na leseni yenyewe naifuta. Gari linabaki yadini. Wewe unabaki ndani mwaka mzima, na kesi ya kuwachukua watoto wa watu inakufuata humohumo."

"Na lango, mheshimiwa? Si nina bima?"

"Bima haimjui dereva aliyefungiwa. Lango utalijenga mwenyewe. Muda unao."

Mama Pimbi alikuwa ameshaingia yadini. Hakumkumbatia mtu. Aliwashusha mmojammoja, akiwahesabu, akawapandisha majabalini kwa miguu.

Nyumbani maharage yalikuwa wazi tangu mchana, yameingia majivu. Akapakua hivyohivyo. Akahesabu sahani: sita. Akahesabu vichwa: sita. Akahesabu tena vichwa.

"Mama," akauliza Kidawa, "leo tumejifunza nini?"

Mama Pimbi akauangalia mfuniko wake, umebonyea ukingoni.

"Kwamba mfuniko hautoki jikoni. Umeona maharage yalivyokuwa? Kula."

Hadithi imekwisha?
— Imebaki ukoko!
Ukoko wa nani?
— Wa atakayeosha sufuria!