Ubao Uliovuja Damu

Sogeeni, wenzangu, mniambie: ubao wa fidla hugongwa mara ngapi? Mara tatu!

Fundi Makame alimfundisha Zuwena kuunda fidla kwa sharti moja: gonga ubao mara tatu, usikilize mlio wake, ndipo ukate. Siku moja Fundi aliingia msituni kutafuta mti, asirudi. Badala yake akaja zimwi, ubao begani.

“We binti, niundie fidla. Upesi, ama nikutafune!”

Kwa hofu Zuwena akasahau kugonga, akakata pembe moja. Lahaula! Ubao ukavuja damu. Ndipo akagonga. Ti! Ubao ukakohoa. Ti! Ukaguna. Ti! Ukasema, “Zuwena mwanangu, ni mimi, fundi wako! Zimwi alinigonga kifuani mara tatu, nikawa ubao.”

Zuwena akamgeukia zimwi.

“Babu Zimwi, mlio wa fidla hulinganishwa na kifua cha mpigaji. Hebu sogea.”

Zimwi akatutumua kifua. Ti! Ti! Ti! Akageuka gogo.

Papo hapo Fundi Makame akasimama mzima, ila sikio la kushoto halipo.

Zuwena akapiga yowe.

“Nyamaza, mwanangu,” akasema Fundi. “Kuanzia leo, wewe ndiye utakayenisikilizia.”

Nimegonga mara tatu. Ngano imeitika, nami nanyamaza.